Mama Kija na Mchele wa Kuazima

Teodora, ambaye soko zima la Mirongo lilimwita Mama Kija, alijua kunusa bei inayotaka kuanguka. Ugonjwa wake ni kwamba hakuweza kunyamaza. Ukipita kwenye kizimba chake bila kusalimia, atakusalimia yeye, atamuulizia mama yako, na kabla hujavuka mtaro umeshanunua mchele ambao hukuutaka.

Tangu serikali iache kupanga bei, wenzake walikuwa wakijaza mchele stoo na kusubiri upande bei. Mama Kija alisubiri ushuke. Mwaka mmoja, mwezi wa tatu, mchele ukiwa haushikiki kwa bei, alimwendea mzee Maige mwenye stoo kubwa.

"Shikamoo mzee. Niazime magunia kumi. Wakulima wa Magu wakishavuna nakurudishia kumi ya mchele mpya, na debe juu."

"Marahaba mayu, mama yangu. Na bei ikizidi kupanda?"

"Nitalia mwenyewe. Magunia yako utayapata."

Mzee akampa, maana mchele wake ulikuwa umeshaanza kuingia wadudu. Mama Kija akauuza wote wiki hiyohiyo kwa bei ya juu, akakaa kusubiri mavuno. Na usidhani alifanya siri! Kutwa alikuwa akilitangazia soko: "Jamani, uzeni! Mwaka huu Magu mpunga umekubali!" Wakamcheka. Aliyecheka kuliko wote ni mwenyekiti wa soko, bwana Chenge, ambaye alikuwa amekopa hadi kwa shemeji yake ili ajaze stoo.

Mwezi wa sita mpunga ukaja. Ukaja wa Magu, wa Sengerema ukavuka kwa kivuko, na kama haitoshi ukaingia na mchele wa nje. Bei ikaporomoka, we acha tu! Mama Kija akanunua magunia kumi kwa fedha kidogo, akamrudishia mzee Maige na debe lake, na kilichobaki kikaezeka nyumba bati.

Hapo ndipo akawa mchawi. Wangemlaumu nani mwingine? Mvua huwezi kuiita kikaoni, na wakulima wa Magu ni wengi mno kuwasuta. Lakini Mama Kija alikuwa palepale, ana bati jipya, tena alionekana kanisani akimshukuru Mungu kwa sauti. "Aliomba bei ishuke!" wakasema. Eti! Kila mwenye sufuria mjini aliomba hivyohivyo.

Wakamtenga, kama Wasukuma wanavyomtenga mkosaji: hakuna kumsalimia, kumjibu wala kumchenjia noti, mpaka kikao kiamue kama atabaki sokoni. Mwingine angeshukuru kupumzika. Yeye, siku ya tatu, alikuwa akiusimulia mzani habari za harusi ya mdogo wake. Kilichomuuma hasa ni Paskazia, jirani yake wa kizimba, waliyekula naye sahani moja miaka yote. Paskazia naye mchele ulimdodea, akawa anapita ameangalia pembeni. Mama Kija akajificha nyuma ya magunia matupu, akalia.

Jumapili mchana kikao kikakaa. Adhabu ikatajwa: awalishe wanasoko wote, mchele magunia mawili na mbuzi, siku hiyohiyo. Akishindwa, kizimba anapewa mwingine.

"Nimekubali," akasema. "Ila mchele sina, wa watu nimeurudisha. Itabidi ninunue. Nani anao?"

Wakatazamana. Kuongea naye kulikuwa bado marufuku, sasa mpaka chakula kiliwe. Kisha Paskazia akainua mkono. "Mwenyekiti, mwambie Mama Kija mimi ninao." Akataja bei ileile iliyokuwa inawaliza wote.

"Mwenyekiti," akadakia Ngosha, muuzaji wa kona ya pili, "mwambie mimi nampunguzia elfu."

"Mwambie mimi elfu mbili!"

"Mimi elfu tatu, na nampelekea mpaka jikoni!"

Wakapandiana sauti, bei ikateremka mpaka mahali ambapo hata wakulima wa Magu hawakuifikisha. Mwishowe Chenge, ambaye shemeji yake alikuwa amesimama mlangoni akimkodolea macho, akagonga meza. "Tulieni! Kwa heshima ya kiti, mimi namuuzia kwa nusu bei."

Mama Kija muda wote alikuwa ameketi, mdomo ameubana kwa mikono miwili. Sasa akauachia.

"Mwenyekiti, niulizie hao ndugu zangu. Leo mchawi nani?"

Ngosha akainama kufunga kamba za viatu. Mama Kija akaendelea.

"Na mwambie Paskazia nachukua wake, magunia yote mawili, kwa bei aliyotaja mwanzo."

"Ya mwanzo?" Chenge akaruka. "Na hii nusu yangu?"

"Wiki nzima sijasikia mtu akiniita jina." Akamgeukia Paskazia. "Yeye kaniita wa kwanza. Hilo hata mzee Maige hawezi kuniazima."

Watu wakainamisha vichwa. Paskazia akasimama, akampita mwenyekiti bila kumtazama, akaenda hadi mbele ya shoga yake.

"Mama Kija, acha ujinga. Chukua wa nusu kwa Chenge. Mimi nakuja kukusaidia kuosha masufuria."

Mama Kija akamkumbatia, akalia na kucheka kwa pamoja. Kisha akachukua wa nusu kwa Chenge, maana mjinga si yeye. Wakaenda jikoni wameshikana mikono, na Paskazia akasimuliwa habari za wiki nzima, kuanzia harusi ya mdogo mtu.