Mkono Haukufika Sikioni

Jumamosi iliyopita tulimzika mama mmoja katika makaburi ya kambi ya vibarua, kule juu kwenye mashamba ya kahawa ya Karatu. Wasomaji wangu wengi hamkumfahamu. Mchuma kahawa aliyetoka Singida na kitenge chake kimoja hana wa kumlipia tangazo la kifo redioni. Alikuwa mgonjwa wa kifua muda mrefu, na baridi ya huku ikammaliza. Mimi nilimfahamu kwa sababu ya binti yake, na tangu nitoke mazishini nina hasira ambayo haijapoa.

Binti huyo alizaliwa njiti, mimba ikiwa ndiyo kwanza imeingia mwezi wa saba, msimu wa ukungu. Majirani walishaanza kunong'onezana juu ya mahali pa kumzika. Mama akamfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, ndani ya sweta kuukuu la marehemu mumewe, akaishi naye hivyo mpaka mtoto alipopata nguvu ya kunyonya vizuri. Alichelewa kukaa, akachelewa kusimama. Kichwa chake ndicho kilichokua kuliko vyote, kirefu na chembamba, kama walivyo njiti wengi, na watu wa kambini hawakukosa la kusema. Lakini nesi wa kliniki ya misheni, kila akikizungushia futi kamba, alifurahi. "Mama, usisikilize watu," alimwambia. "Ubongo unashiba kwanza, mwili utafuata. Na umri wake mhesabie tangu mwezi aliotakiwa kuzaliwa." Maneno hayo mama alinisimulia mara nyingi, na kila mara alikuwa akitabasamu.

Siku ya kuandikisha darasa la kwanza nilikuwapo, nimempeleka mwanangu. Mtihani wenyewe mnaujua: mtoto apitishe mkono juu ya utosi aguse sikio la upande wa pili, na mkono ukifika, basi umri umefika. Mwanangu ana mikono mirefu kama ya babu yake. Aligusa sikio wakati hata vidole vyake mwenyewe hajui kuvihesabu, akaandikwa. Binti wa yule mama alijinyoosha mpaka machozi yakamlengalenga, vidole vikaishia juu ya sikio. Mama akatoa kadi ya kliniki.

"Kadi za kambini tunazijua," mwalimu mkuu alisema bila kuishika. "Arudi mwakani."

"Mwalimu, samahani. Mtoto anasoma kwa kichwa au kwa mkono?"

Foleni nzima tulicheka, isipokuwa mwalimu. Mwakani ikawa hivyo hivyo, na mwaka uliofuata pia. Hatimaye mkono ulipofika, mwalimu yuleyule akaiomba kadi ileile aliyoikataa, safari hii akaisoma kwa makini, kisha akasema umri umeshapita, mtoto apelekwe elimu ya watu wazima. Huko nako wakamkataa kwa kuwa ni mtoto. Basi mama akajiandikisha yeye. Kila jioni alishuka kutoka shambani na uchovu wake wote, na binti akawa eti anamsindikiza. Mama alijifunza kuandika jina lake. Binti alitoka pale anasoma gazeti, pamoja na safu hii, na mara moja alinisahihisha nilipokosea mwezi wa kupanda maharage Rhotia. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huyu alifunzwa na mamaye, na ulimwengu ukamfungia mlango.

Mfugaji wa Endulen hajui umri wa ndama kwa kumpima shingo. Anajua alizaliwa mvua zipi, mama yake ni yupi, na kama alizaliwa kabla ya wakati atampa muda wa kusimama. Sisi tulibeba mawe ya kujengea darasa lile, tukaimba kwamba kila mtoto atasoma, halafu tukamweka mlangoni mtu wa kupima mikono. Naandika haya nikiwa na hasira na mwalimu, na ofisi zilizomwachia apime hivyo, na sisi tuliocheka kwenye foleni kisha tukaenda zetu nyumbani.

Sikiliza basi kilichotokea baada ya kufukia kaburi. Wajomba waliotoka Singida walikaa kujadili binti aende kwa nani. Mwalimu mkuu alikuwapo, akatoa rambirambi zake, kisha akasema: "Mniachie mimi. Mke wangu anatafuta yaya. Na huyu ni mwepesi, anajua kusoma, atawasaidia wanangu masomo ya jioni."

Wajomba wakaanza kushukuru. Binti akasimama.

"Shikamoo, mwalimu. Nitakuja. Ila uniandikishe shule kwanza."

Mwalimu alijibu kwamba taratibu haziruhusu. Alilisema hilo mbele ya kaburi, bila haya. Kwa hiyo mtoto huyu anafaa kuwafundisha watoto wa mwalimu mkuu, lakini hafai kuketi nao darasani.

Mzazi unayenisoma, hasa wewe uliyepata njiti, Januari inakuja. Mwalimu akimwambia mwanao apitishe mkono juu ya kichwa, ushushe mkono huo wewe mwenyewe. Weka kadi mezani kwake, na usiondoke mpaka aisome.