Kabati la Mninga

Nilipokubaliwa kusoma shahada ya uzamili katika fasihi ya watoto nilikuwa na miaka arobaini na minne, mwalimu wa shule ya msingi pale Shanwe, Mpanda. Shahada ya kwanza niliisoma kwa njia ya posta, peke yangu. Barua ya chuo ilikuja na orodha ya vitabu thelathini na sharti moja: kila anayefika awe na daftari la safu mbili. Safu ya kwanza, maoni yake. Ya pili, maneno ya watoto aliowasomea. Asiye nalo asijisumbue kupanda treni. Nilibakiwa na mwezi mmoja.

Vitabu hivyo havikuuzwa popote mjini kwetu. Lakini vilikuwa shuleni kwetu, vya msaada, tangu miaka sita nyuma. Nilijua kwa sababu mtunza stoo nilikuwa mimi. Nilivipokea, nikavigonga mhuri, nikavipa namba na kuvipanga katika kabati la ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Soma, Mwalimu," mwalimu mkuu aliniambia, "ila humu humu ofisini. Watoto wasiviguse. Mkaguzi akija akute vitabu, asikute matambara."

"Lakini Mkuu, nimetakiwa niwasomee."

"Wasimulie. Si mdomo unao?"

Barua yangu ya ruhusa ya masomo ilikuwa mezani kwake, haijasainiwa. Nikafungua kabati.

Nilisoma viwili kwa siku: kimoja kabla ya mstari wa asubuhi, kingine baada ya vipindi. Kurasa zilikuwa zimegandana. Nilizitenganisha kwa rula. Kitabu cha nane kilikuwa cha mbuzi aliyepanda juu ya paa la zahanati akagoma kushuka. Nilicheka kwa sauti, mtu mzima, peke yangu. Kisha nikasikia darasa la nne ng'ambo ya ukuta wakiimba aya ile ile ya kitabu cha kiada, kitabu kimoja watoto sita, na kicheko kikanikatika. Kuanzia hapo nilisoma kwa hasira. Kadiri kitabu kilivyokuwa kizuri, ndivyo nilivyozidi kukasirika. Safu ya pili ya daftari langu ilikuwa nyeupe tupu.

Hasira yangu yote niliielekeza kwa mwalimu mkuu, mpaka nilipovuta daftari la kuazimia vitabu. Nililipiga mistari mwenyewe kwa wino mwekundu: jina, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Halikuwa na jina hata moja. Ndani ya mlango wa kabati kilibandikwa kikaratasi: VISITOLEWE. Mwandiko ulikuwa wangu. Nikakumbuka kwamba mkaguzi mmoja aliwahi kunisifu mbele ya walimu wote kwa usafi wa daftari lile, nami nikaenda nyumbani nimefurahi.

Wiki ya tatu nilifika rafu ya chini. Nilivuta kitabu, kikaja chepesi kama ganda la karanga. Migongo ilisimama wima, mihuri na namba zangu zikisomeka vizuri. Ndani mlikuwa na udongo wa mchwa. Milango ya kabati ilikuwa ya mninga, ambao mchwa hawauwezi. Lakini mgongo wa kabati ulikuwa wa plaiwudi.

Sikuomba ruhusa. Nilibeba vilivyosalia kifuani mpaka darasa la nne, nikaanza na vile vilivyoliwa nusu. Kimoja kilihusu msichana aliyemfuata ndama aliyepotelea porini. Watoto walisogea mpaka wakanikanyaga miguu.

"Ng'ombe wa kwao wangapi?" aliuliza binti mmoja wa wafugaji wa Kisukuma.

"Mmoja tu."

"Mmoja! Hao ni maskini, Mwalimu, ndiyo maana wanamtafuta hivyo."

"Nyie mkipoteza kumi mnalala tu?" mwenzake alimchokoza. Darasa likacheka. Nikafungua ukurasa uliofuata, haukuwepo.

"Mwisho wake umeliwa na mchwa," nikasema.

Yule binti alinikazia macho. "Kwa hiyo mchwa wanajua kama alimpata, sisi hatujui?"

Niliandika maneno hayo katika safu ya pili.

Mwalimu mkuu aliniita jioni ile ile. Hakunifokea. Alinipa karatasi na kalamu. "Andika taarifa ya upotevu. Andika mvua, paa lilivuja. Ukimaliza nakusainia ruhusa yako."

Nikaandika: Vitabu vimeliwa na mchwa kwa sababu vilifungiwa miaka sita bila kusomwa na mtoto yeyote. Aliyevifungia ni mimi, mtunza stoo, na mwalimu mkuu aliridhia.

Alisoma mara mbili. "Unajua barua yako iko wapi?"

"Iko mbele yako, Mkuu."

Aliirudisha kwenye droo, akaifunga kwa ufunguo. Treni ya juma lile iliondoka bila mimi, na ya juma lililofuata pia. Daftari la safu mbili nililituma chuoni kwa posta, nikieleza kwa nini safu ya pili ina vitabu kumi na vinne badala ya thelathini.

Asubuhi baada ya treni ya pili nilikwenda shuleni na bisibisi. Kila mlango wa kabati ulikuwa na bawaba tatu, kila bawaba skrubu nne. Niliitoa milango yote miwili, nikaiegemeza ukutani, nje ya dirisha la mwalimu mkuu.