Betri Haikuwa na Kosa

Siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya, ingawa kichwa kimeshaota mvi na magoti yananiuma nikiinama kwenye boneti. Nilitaka niende nayo kaburini. Wewe jana umenilazimisha niiseme. Umesimama kwenye karakana yangu hapa Pasua, mbele ya mwalimu wa watu aliyeacha darasa kuja kutafuta msaada, ukaigonga betri ya gari lake kwa spana na kusema, "Hii imekufa, tubadilishe." Nikakuambia ulete mita. Ukanijibu huku unacheka, "Mzee, mita ya nini? Tutapoteza muda bure." Kisha ukashika waya wa betri uung'oe huku injini inanguruma, ati unapima kama altaneta inachaji! Nilikufokea mbele ya watu, na sikuombi radhi. Gari la siku hizi lina kompyuta. Ukiung'oa waya ule gari likiwaka, umeme unaweza kuruka ghafla na kuiunguza, na mwalimu angerudi kwake kwa miguu na hasara mara mbili. Keti hapo juu ya tairi unisikilize.

Nilikuwa na umri kama wako na kiburi kuzidi chako. Nilishuka kutoka Uru, kihambani kwetu, shamba la ukoo la migomba na kahawa, nikaja mjini kujifunza umeme wa magari kwa Fundi Rajabu, Mungu amrehemu. Alikuwa mzaliwa wa hapa hapa Moshi, mama yake Mpare, babu yake upande wa baba alikuja na kazi ya reli akalowea. Mtu mfupi, sauti ya chini, lakini kwenye kazi alikuwa pilipili. Alikuwa na sheria moja: hakuna betri kuhukumiwa kabla ya mita. Hata mwenye gari aape kwa jina la mama yake, Fundi Rajabu angesema, "Nimekusikia. Sasa ngoja nisikie na gari." Mimi niliona ni ukongwe tu. Nilijiambia kwamba mzee ameanza kuchoka, ndiyo maana kila kitu anakipima mara mbili.

Sasa wewe umezaliwa mjini, huenda hujui mambo ya juu kule. Uru, Kibosho, Old Moshi, mtu mwenye gari lenye betri dhaifu hasumbuki. Jioni analiegesha limeelekea bondeni, anaweka jiwe chini ya tairi. Asubuhi anaondoa jiwe, gari linaserereka, anaachia klachi, linawaka. Anaweza kumaliza miezi hajagusa stata. Tena anateremka hadi mjini injini ikizunguka polepole, hakanyagi mafuta, na betri haipati chaji ya maana. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi watu wa mlimani tuna mteremko wa kutufichia maradhi ya magari yetu, na tunaona ni ujanja.

Ndivyo alivyoishi Mzee Aloisi, jirani yetu wa kule Uru, mkulima wa kahawa na ndizi. Alikuwa na pikapu kuukuu ya petroli, na nusu ya kijiji ilitegemea pikapu ile kwa mgonjwa, kwa maiti, kwa harusi. Ijumaa moja aliileta karakana, Fundi Rajabu akiwa ameenda msikitini. Akasema stata haizungushi, na mvua za masika zinakaribia, na mkwe wake Filomena ana mimba kubwa. "Sitaki kubahatisha na jiwe siku ile," akaniambia. "Nitazamie vizuri, mwanangu." Hayo maneno aliyasema, nami niliyasikia.

Mita ilikuwa kabatini, hatua kumi kutoka niliposimama. Sikuifuata. Tulisereresha gari kwenye kimteremko cha karakana likawaka, nikamwambia akanyage mafuta, nami nikang'oa waya wa betri mbele ya watu kwa mbwembwe kama nilivyowahi kuwaona mafundi wa stendi wakifanya. Injini haikuzima. Nikatangaza, "Altaneta nzima! Betri ndiyo imekufa." Mzee Aloisi akanunua betri mpya, nikaifunga, stata ikazungusha mara moja tu, na yule mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Fundi Rajabu aliporudi akaniuliza kama nimepima. Nikasema nimepima. Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile niliiona ndefu na nzuri.

Elewa nilichokosea, maana ndicho ulichotaka kukikosea jana. Injini isipozima ukitoa waya, hiyo haikuambii kwamba betri inachajiwa sawasawa. Nilijaribu gari jua likiwaka, taa zimezimwa, waipa zimelala, kitu chochote hakiombi umeme. Mkanda wa feni ulikuwa umelegea na umeng'aa kwa kuzeeka. Kwenye ukavu, bila mzigo, ulishika kidogo. Ukilowa maji, taa zikawashwa na waipa zikapiga, ulikuwa unateleza tu juu ya puli na altaneta haizunguki inavyotakiwa. Na betri mpya ni msaliti, mwanangu. Inakuja na chaji yake ya dukani. Itakuwashia gari siku kadhaa na kila mtu atakusifu, kumbe gari linakula akiba na hakuna kinachorudishwa.

Mvua zilikuja. Asubuhi moja Filomena akashikwa na uchungu, na ulikuwa uchungu mbaya, mkunga wa kijijini akasema huyu apelekwe hospitali, pale Mawenzi, upesi. Wakampakia kwenye pikapu na mama mkwe wake. Mvua ilikuwa inamwagika, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, Mzee Aloisi akawasha taa na waipa, akateremka. Njia nzima mteremko ulimbeba. Walipofika Rau, mahali ardhi inapotulia, waipa zikaanza kwenda pole pole, taa zikawa nyekundu, injini ikakohoa ikazima. Akazungusha ufunguo. Tik. Akazungusha tena. Tik. Watu wakatoka madukani wakasukuma kwenye tope, miguu inateleza, na mahali pale hapana mteremko wa kumsaidia mtu. Walikaa karibu saa nzima kabla lori la mbao halijapita na kuwachukua.

Filomena alipona. Mtoto alizaliwa amechoka sana, na hakuimaliza siku. Muuguzi alisema hakuna awezaye kujua kama ile saa ya Rau ndiyo iliyomchukua. Nami sijui, na sitajua mpaka nife.

Kesho yake pikapu ilivutwa kwa kamba mpaka karakana. Mzee Aloisi alishuka na suruali yenye tope lililokauka. Akasema, "Mtoto hakukaa," basi. Fundi Rajabu akafungua boneti, akaugandamiza mkanda kwa kidole gumba, ukabonyea kama kamba ya kuanikia nguo. Akanigeukia.

"Ulipima?"

Nikasema niling'oa waya.

"Nimekuuliza, ulipima?"

"Hapana, fundi."

Spana aliyoshika akaitupa ukutani. Mtu yule mpole, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alinifokea. "Ulibahatisha! Mzee wa watu kakwambia hataki kubahatisha, ukambahatishia! Kisha ukanidanganya mimi!" Akaingia ndani. Nilitamani angenipiga.

Jioni nikamwambia nakwenda Uru kuomba msamaha, na kwamba nitachuma sale. Unalijua jani la sale, lile refu la kijani tunalopanda mipakani mwa vihamba. Kwetu aliyekosa akikuletea sale, huna ruhusa ya kumkatalia. Nikamweleza Fundi Rajabu hivyo, nikidhani atafurahi. Akanitazama kwa hasira mpya. "Kwa hiyo unakwenda kumziba mdomo? Asiweze hata kukukasirikia? Nenda mikono mitupu. Sema ulichofanya, chote. Jani baadaye."

Nikaenda mikono mitupu, mwanangu. Nilipita kando ya kaburi dogo chini ya migomba, udongo bado mbichi. Nikamkuta Mzee Aloisi uani, nikasema: sikupima, nilisema uongo, betri yako ya zamani niliihukumu bila ushahidi, mkanda ndio uliokuwa umelegea. Aligeuka akalitazama lile kaburi. Kisha akasema, "Lete hiyo mita yenu. Ulipime gari langu hapa nyumbani kwangu, nione kazi ambayo hukuifanya."

Jumapili baada ya misa nikarudi na mita, mkanda mpya, na Fundi Rajabu nyuma yangu. Pikapu ilikuwa uani, imekwisha kuvutwa kwa kamba kurudi juu. Nikapima betri yake ya zamani, ile niliyoihukumu ikabaki karakana, ambayo Fundi Rajabu alikuwa ameichaji polepole siku nzima na kuiacha ilale. Volti kumi na mbili na nusu na kidogo. Nzima! Nikaifunga, nikamwomba azungushe stata nami nikitazama mita, haikushuka chini ya kumi. Gari likawaka. Nikamwambia awashe taa zote na waipa, nikamwagia mkanda wa zamani maji, na mshale ukaanza kushuka mbele ya macho yetu, kumi na mbili, ukaendelea. Nikafunga mkanda mpya, nikaumwagia maji vilevile. Kumi na nne, na haukutikisika.

Filomena alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, khanga mabegani. Akaniuliza, "Hiyo kazi yote imekuchukua muda gani?"

Nikasema, "Kupima peke yake, dakika chache."

"Dakika chache," akasema. Akainuka, akaingia ndani.

Baadaye nilipeleka sale, na Mzee Aloisi akalipokea, na tulikunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, pamoja mpaka alipofariki. Lakini hakuna jani lililowahi kunifutia maneno mawili ya yule mama. Ndiyo maana jana, uliponiambia tutapoteza muda, niliona giza.

Sasa sikia, na usinijibu kwa kicheko. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na fundi asiyejua kazi husingizia betri. Gari likikataa kuwaka, anza na macho na mikono: vichwa vya betri vina ukungu mweupe? Visugue kwa maji ya moto na magadi, yale yale mama yako anayotia kwenye kiburu cha ndizi na maharage. Waya wa ethi, ule wa hasi, umekazwa mpaka kwenye injini? Mkanda unabonyea? Kisha lete mita. Pima gari likiwa limelala, pima likizungusha, pima likiwaka, na hapo usiseme umemaliza: washa taa, washa waipa, washa kila kinachokula umeme, ndipo upime tena, maana mteja wako hatapatwa na shida siku ya jua kali. Using'oe waya wa betri injini ikiwaka, hata aliyekufundisha awe nani. Mwenye gari akikuambia huwa analisereresha, usimpongeze, muulize anaficha nini. Usipojua, sema hujui, niite. Na ukishakosea, mwendee mtu mikono mitupu kwanza, umwache akukasirikie.

Mungu akupe mikono isiyo na papara na masikio ya kusikia. Akujalie uzeeke kwenye kazi hii bila mama yeyote kukuuliza ilichukua muda gani. Mwalimu anarudi leo saa nane kuchukua gari lake. Inuka sasa, mita iko kabatini.