Mkono Uliotulia Kwenye Picha

Siku ile barazani kwetu, upande wa Nanyamba, tulikuwa watano. Mimi. Mume wangu, mwenyewe mwenye nyumba. Binti yetu wa kwanza na mumewe, mtu wa bara aliyekuwa akifanya kazi bandarini, nao walipanga Magomeni, Mtwara mjini. Wa tano ni jirani yetu, mwanamke, mtani wa mume wangu, ambaye hakualikwa ila hakuwahi kukosa. Majina yao ninayo yote kichwani, na ya baba zao pia, lakini hapa nayaacha.

Mume wangu alikuwa akitetemeka mkono wa kulia. Ulimwanza miaka ya tisini mwishoni, tukipuliza salfa kwenye mikorosho, nikadhani uchovu. Baadaye ukawa hautulii hata akikaa. Chai akanywea mkono wa kushoto, picha akawa hataki kabisa. Harusi ya binti yetu huyo huyo, hayumo hata kwenye picha moja.

Sasa alikuwa na dada yake, mmoja tu aliyebaki, ameolewa ng'ambo ya mto Ruvuma. Miguu ya dada huyo haikuweza tena safari. Kila anayevuka kivuko cha Kilambo anakuja na salamu zake: kaka yangu nasikia anaumwa, amekuwaje? Mume wangu alitaka ampelekee picha moja, moja tu, ambayo ametulia.

Ndipo mkwe akaja na kamera ya dijitali. Akaiwasha, akamwonyesha mume wangu kioo cha nyuma. Pembeni palichorwa mkono mdogo, na vistari kama unatikisika.

"Huu wa nini?"

"Huo, baba, maana yake kamera inazuia mtikisiko. Mkono ukicheza, picha haiharibiki."

Mume wangu akautazama sana. "Huu wangu," akasema. "Wamenichora."

"Na walivyokupatia!" mtani akadakia. "Bado kukuchorea na tumbo."

Mume wangu akaingia ndani, akanyoa ndevu, akavaa kanzu ya Idi na kofia. Hakuna aliyeuliza ni mkono wa nani unaozuiwa. Mkwe alidhani tumeelewa, na sisi tulidhani tumeelewa.

Mkwe akapiga picha tatu. Mtani hakunyamaza, na mume wangu akacheka mpaka pengo likaonekana. Kisha tukainama kwenye kioo. Mlango ulionekana, kofia na mishono yake, nyufa za ukuta. Mkono ulikuwa kama moshi.

Kicheko kikamkatika. "Mbona haikuuzuia?"

Mkwe akaeleza akitazama chini, kwa sababu nilikuwepo. Ndani mna lenzi inayocheza kinyume na mkono wa mpigaji. Anayepigwa akitikisika mwenyewe, kamera haina la kufanya.

"Mwacheni hivyo hivyo," mtani akasema. "Dada yake ataona anampungia."

Hatukumsikiliza. Kwetu mkwe hambishii mama wa mkewe, wala hamtazami usoni. Maneno yanapitia kwa mke. Nikamwambia binti yangu, "Mwambie mwenzio azifute."

"Mama, lakini humu baba amecheka."

"Mwambie afute. Wifi yangu aone mkono gani huo?"

Akazifuta zote tatu. Kwamba alitamani kuziacha, nililijua baada ya msiba, binti aliponiambia.

Nikakaa ubavuni kwa mume wangu. Nikamshika kiganja, nikakikandamiza juu ya paja lake kwa mikono yangu miwili.

"Niachie," akasema.

"Tulia kidogo, mzee."

"Niachie, mama, unaniumiza."

"Apige," nikamwambia binti.

Picha ilisafishwa mjini, nakala mbili. Ilitoka safi, vidole vyote vinahesabika. Mume wangu akaishika, akasema, "Haya." Moja tukaipa mtu anayevuka. Mvua za mwaka ule hazijakatika, tukamzika.

Salamu za wifi zilifika baada ya arubaini. Picha ameipata, kaka yake alinawiri. Ila huyo mwanamke, alisema, anamkamata kwa nini?

Nakala yetu ninayo. Hatazami kamera, anatazama mikono yangu, na mdomo kaufunga. Nilimtuma binti amuulize mumewe kama zile tatu zinaweza kurudi. Alijaribu, masikini, akaipeleka kamera hata kwa mafundi. Juu ya zile tatu zilikwisha kupigwa nyingine nyingi.

Ninyi mliokuwepo, kama kuna nilipokosea nisahihisheni. Mimi nakumbuka alisema niachie mara mbili. Mtani, wewe bado upo na masikio yako mazima. Kama ilikuwa mara moja, au kama hakusema kabisa, njoo uniambie. Sitakubishia.