Rangi Aliyoondoka Nayo Mama wa Sarang'ombe

Vijana mnaosoma hapa, wacheni kelele kidogo. Yule mama wa Sarang'ombe aliyekuwa akipika rangi za viondo, vile vikapu vya mkonge vya kikundi chetu, amefariki. Alianguka akitoka kanisani, na jioni hiyo hiyo akatuacha. Tumempeleka kwao Kitui, tumemzika, tumerudi. Sasa tumekaa hapa Kawangware na mkonge mweupe mapajani, na hakuna hata mmoja anayejua kuitoa ile nyekundu yake. Mnunuzi wetu amesema wazi kwamba bila nyekundu hiyo atatafuta wengine.

Kazi tuligawana: wa kusokota, wa kusuka, wa kushona mikanda. Rangi ilikuwa yake. Alijifungia ndani na magome yake na mizizi yake, akatuletea nyuzi zikiwa zimekauka. Siku moja mwenyekiti wetu, mama wa kutoka ziwani asiyeogopa mtu, aligonga kwa ngumi, akimwita kwa Kiluo binti wa Kitui. "Nyar Kitui, fungua! Ni rangi unapika ama ni chang'aa?" Akajibiwa kutoka ndani: "Ingekuwa chang'aa ungekuwa ushalewa, dada. Ngoja hapo nje." Tulicheka, lakini hakufungua.

Wengi walimwita mchoyo. Mimi aliniambia yaliyomkuta tukichambua mkonge wawili tu. Kikundi chake cha kwanza, kule mtaa wa Raila, aliwafundisha wote kupika rangi. Walipokwisha kujua, wakamwambia nafasi zimejaa. "Waliniambia asante, halafu wakanitoa," alisema. "Watoto wangu walilala njaa kwa sababu ya mdomo wangu."

Juzi binti yake alituletea magome yaliyobaki. Tumeyachemsha mpaka makaa yakaisha, ikatoka rangi ya chai iliyomwagiwa maji. Mwenyekiti alitazama ile sufuria, akafunika uso na leso, akalia kama mtoto.

Nasikia miaka hii watu wa maofisi wanakaa mikutano kutafuta namna ya kutunza ujuzi wa wafanyakazi wao, ati wauweke kwa kompyuta. Sawa, wauweke. Lakini mtu hatoi anachojua mahali anapoona akimaliza kutoa ataonyeshwa mlango. Wale wa Raila walimfukuza mama mmoja, na leo ni sisi tunaokosa kazi.

Hapa kwangu tunapokaa kusuka nimeshatoa amri, na sirudii: anayejua kazi amwonyeshe mwenzake mpaka aiweze kwa mikono yake mwenyewe, na aliyefundisha ndiye atakayepakuliwa chakula wa kwanza.