Komba wa Sebuleni kwa Mama

Picha ile niliinunua Marekani, nilikokwenda kwa semina ya wiki moja, kwenye duka la jumba la makumbusho. Ilikuwa nakala ya mchoro wa rangi za maji wa karne ya kumi na tisa: vinyama vitano juu ya tawi, macho makubwa, manyoya yamechorwa moja moja kana kwamba mchoraji hakuwa na kazi nyingine duniani. Nilitaka kumletea mama kitu ambacho si chokoleti.

Alipoifungua nyumbani kwake Ghubra, hapa Maskati, alipiga ukelele.

"Komba! Umewapata wapi komba weye?"

Utotoni mwake, shambani kwao Unguja, komba walikuwa wakipanda minazi usiku kunywa tembo la wagema. Asubuhi watoto huwaokota chini, wamelewa chakari. Mmoja mama alimfuga kwenye kapu mpaka bibi alipomtimua. Hadithi hiyo naijua tangu sijang'oka meno ya utoto, ila sasa ilipata ushahidi. Kila mgeni alionyeshwa yupi mlevi.

Picha ilitundikwa sebuleni, mkabala na kiti anachokalia kusali kwa sababu ya magoti. Wakati wa sala ukiingia, mama huifunika kwa kanga. Akishatoa salamu huifunua.

"Haya, tokeni."

Mama Mkubwa, dada yake anayekuja kutoka Bustan kila Ijumaa kula nasi, hakuipenda hata kidogo.

"Malaika hawaingii nyumba yenye picha za viumbe. Itoe."

"Nnawafunika, dada."

"Malaika hawadanganywi kwa kanga."

"Nimeacha nyumba, nimeacha minazi, nimeacha makaburi ya wazee wangu," mama akasema. "Hawa siwaachi. Malaika ntazungumza nao mwenyewe."

Maishani mwangu sikuwahi kumsikia akimjibu dada yake. Nilijawa na fahari. Vita vile vilikwenda Ijumaa baada ya Ijumaa, na mama hakutetereka.

Aliyeharibu ni mimi. Mimi ni mfamasia. Kutwa nasoma lebo, na nina ugonjwa wa kusahihisha watu. Nasahihisha madereva, nasahihisha wahubiri wa kwenye simu, nimewahi kumsahihisha bwana harusi. Ijumaa moja, tunakula halua, Mama Mkubwa akaanza tena: komba hawa, komba wale. Nikashindwa kujizuia. Nikainuka, nikaigeuza picha na kuwasomea maandishi ya nyuma. Hawa ni kindi wa Marekani, nikasema, wale wanaojirusha kutoka mti hadi mti. Komba huko hawako kabisa. Nikaongeza na maelezo ya mkia, ambayo hakuna aliyeyaomba.

Mama aliishika finjani yake bila kunywa.

"Si komba?"

"Si komba, mama."

Ijumaa iliyofuata nilikuta ukutani msumari mtupu. Picha ilikuwa mlangoni, ndani ya mfuko, inanisubiri. Nikamuuliza kama Mama Mkubwa amemshinda.

"Hajanishinda," akasema, huku akinisogezea sahani. "Kwa komba ningegombana hata na malaika. Kwa kindi wa watu, ya nini?"

Alisema kwa wepesi, akanimiminia kahawa. Mimi nilitamani kulia. Nilikuwa nimekwenda mpaka Marekani nikamletea mama kipande cha kwao bila kujua, kisha nikampokonya kwa makusudi, tena nikiwa na halua mdomoni.

Niliitundika kwangu, Al Khoudh, kwenye ukumbi wa kuingilia. Miezi ilipita. Sikukuu mama alipokuja, binti yangu mdogo alimvuta mkono mpaka mbele ya picha.

"Bibi, wanyama gani hawa?"

"Muulize mamako. Yeye kasoma nyuma."

Nilikuwa nimebeba sinia la sambusa. Mtoto akanitazama. Mama naye akanitazama.

"Komba," nikasema.

Mama akainama kidogo, na magoti yake hayo, mpaka uso wake ukawa sawa na wa mjukuu wake.

"Haya, mwangalie huyu wa juu," akamwambia. "Huyu ndo mlevi."

Alasiri ilikuwa karibu kuadhiniwa. Niliweka sinia chini, nikaenda kutafuta kanga.