Ala ya Koko

Harufu ya siagi ya ng'ombe ikinipata popote, narudi Kadutu, mtaa wa utoto wangu, Jumapili baada ya misa, ukungu ukiwa bado umelala juu ya ziwa. Koko, mama yake papa, alikuwa akikaa mlangoni na upanga wa zamani mapajani, akiipaka ala siagi kwa kidole, polepole, hadi ngozi ilainike. Upanga wenyewe hakuuchomoa hata siku moja. Nilidhani anauogopa.

Papa alikuwa ametangaza mtaa mzima kwamba ule ulikuwa upanga wa babu yake, shujaa wa vita wa mwami, mfalme wetu wa zamani. Mgeni alionyeshwa upanga kabla hata ya kupewa chai. Nami shuleni nilitembea kichwa juu, kitukuu wa shujaa, wee!

Basi akaja tonton, mdogo wake papa, mwalimu wa historia chuo kikuu. Akavuta, upanga ukagoma. Akavuta tena, ukatoka na unga wa kutu. Akausugua karibu na mpini kwa limau na majivu, na taji dogo likajitokeza, pamoja na maneno ya Kizungu.

"Yaya," akamwambia kaka yake taratibu, "hii haiko ya mwami. Iko ya ofisa wa Kibeleji, ilitengenezwa kwao Ulaya. Miaka mia na kitu."

Papa akauchukua upanga, akaligusa lile taji kwa kidole gumba. Nilimhurumia.

"Kumbe babu alikuwa boyi wa muzungu?" akauliza mwishowe.

Koko akacheka hadi mabega yakamtikisika. "Boyi wapi! Papa yangu alikuwa anashona ngozi kule kijijini Miti. Muzungu alimuletea upanga bila ala, akasema amushonee. Akashona mwezi muzima. Muzungu akarudia kwao, hakukuja kuichukua."

"Sasa maman, mbona hukutuambia?" papa akamuuliza.

"Mulikuwa munaulizaka upanga. Ala, nani aliniuliza?"

Koko alipotutoka, tonton alichukua upanga. Mimi niliomba ala, na papa akanipa.

Iko ukutani kwangu, tupu. Wageni huniuliza upanga wake uko wapi. Mimi huipaka siagi kila Jumapili, kidole kikifuata mishono ile midogo, palepale vidole vya yule mzee wa Miti vilipopita. Nimechelewa kuelewa, lakini nimeelewa: pale mlangoni, kila Jumapili, Koko alikuwa amemshika baba yake mkono.